Safari ya Kuufuata Mkono wa Mzee Ireri

Jumatatu, saa mbili asubuhi, niliondoka Nairobi kwenda kumtafuta mtu niliyemkosesha kazi.

Ninyi wa nyumbani Voi huniuliza katika barua zenu kazi yangu hasa ni nini, nami huwajibu kwa mzaha kwamba nimeajiriwa kulea mtoto wa chuma. Leo nitasema yote, hata yasiyonipendeza. Ni mambo ya miaka hii ya tisini. Kiwanda kilichoniajiri hutengeneza wilbaro, zile toroli za gurudumu moja za kubebea mchanga. Mwenye kiwanda alinunua Ulaya roboti ya kupaka rangi iliyokwisha kutumika: mkono mmoja mrefu wa chuma, umefungwa sakafuni kwa bolti, pamoja na kisanduku cha vitufe cha kuuelekezea. Wafanyakazi waliupa jina la Bwana Mkono.

Ili Bwana Mkono asogee hata shibiri moja, ilibidi umwandikie mistari ya namba na vifupisho vya Kiingereza, hatua baada ya hatua. Mimi nilikuwa nimesomea mambo hayo. Niliagizwa niwafundishe wapaka rangi watano kwa siku tatu, kisha nijaze fomu ya kila mmoja. Mzee Ireri wa Siakago alikuwa amepaka wilbaro kwa mkono wake zaidi ya miaka ishirini, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya wote. Alikishika kile kisanduku kama mtu aliyepewa kinyonga. Siku ya tatu bado aliniuliza kitufe cha kulia ni kipi. Kwenye fomu yake nikaandika kwa Kiingereza neno ambalo kwetu ni "hafundishiki". Niliandika huku nakunywa chai, wala sikufikiri mara mbili. Wafanyakazi walipopunguzwa mwezi ule, jina lake lilitangulia, na wenzake wanne wakamfuata.

Basi Bwana Mkono akabaki na mimi, nami sijui kupaka rangi. Namba zilikuwa sawa, lakini kwenye pembe za karai, lile bakuli la wilbaro, rangi ilijikusanya na kuteremka michirizi. Mafundi husema rangi inalia. Kila siku wilbaro zililia na watu wakazikwangua upya kwa msasa. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani hasa asiyefundishika.

Jumapili kadhaa nilizimalizia karakanani nikitengeneza kitu kingine: mkono mwepesi wa mabomba ya aluminiamu, uzito wake kama jogoo, wenye viungo sawasawa na vya Bwana Mkono. Kila kiungo kilikuwa na kifaa kidogo cha kupima kimepinda kiasi gani, na vipimo vyote vikaingia kwenye kanda ya kaseti. Anayejua kazi anaushika mkono huo kama anavyoshika bunduki ya kupulizia rangi, anapaka hewani, basi. Ile kanda ukiitia kwenye mashine kubwa, mashine inarudia alivyofanya. Hakuna namba, wala Kiingereza. Kitufe ni kimoja, chekundu, nacho nilikibonyeza mimi mwenyewe.

Meneja alipouona, alinipa barua ya kumrudisha Mzee Ireri kazini, mradi aripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Aliahidi pia kwamba rangi ikiacha kulia, wenzake wanne watafuata. Nikapakia kwenye pikapu ya kampuni ule mkono mwepesi, betri ya gari na karai moja la wilbaro ambalo halijapakwa rangi, maana nilijua mzee hataniamini kwa maneno matupu.

Saa nne nilikuwa Mwea, mpunga kijani pande zote mbili za barabara. Saa tano nikaingia Embu, nikanywa chai ya haraka na kuuliza njia. Kutoka hapo barabara inateremka kuelekea nchi ya Wambeere, na kadiri unavyoteremka ndivyo migomba inavyopungua na joto linavyopanda. Punda walikuwa wakipanda mlima na madumu ya maji. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno ya kuomba radhi, na kila nilipoyapanga yalisikika kama ya mtu anayejitetea.

Saa saba na nusu nilifika Siakago. Sikuhangaika kuuliza sana. Nje ya boma moja kulikuwa na wilbaro kuukuu, tairi limekwisha, lakini rangi yake ya buluu ingali inang'aa bila hata mchirizi mmoja, nikajua nimefika. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mlangoni akipepeta ndengu kwa ungo. Alikuwa Mama Nyaga, mke wa mzee.

"Wewe ni wa kampuni," alisema kabla sijajitambulisha. Nadhani alisoma maandishi ya mlango wa pikapu.

"Ndiyo, mama. Namtafuta Mzee Ireri. Nimemletea barua ya kazi."

Aliuweka ungo chini. "Huyo mzee hayuko. Ako Nkubu, kwa hospitali ya masista. Msichana wetu ameolewa huko, ndiye alimpeleka." Akajigusa kifuani. "Ni kifua. Hiyo rangi yenu iliingia ndani ikakaa huko."

Nilikumbuka kwamba kinga ya wapaka rangi kiwandani ilikuwa kitambaa walichojifunga mdomoni, kila mtu na chake kutoka nyumbani. Nilikuwa nimekiona kitambaa cha mzee kila siku, chenye mistari myekundu, na sikuwahi kukifikiria.

Mgeni ni mgeni hata akiwa na makosa. Mama Nyaga alinipa uji wa wimbi na kunde, akakaa kunitazama nikila. Juu ya mti nyuma ya nyumba ilining'inia mizinga miwili ya magogo. Nikauliza ni ya nani, angalau niseme neno.

"Ilikuwa ya baba yake. Huyo alikuwa mtu wa nyuki kabisa. Akitoa asali, tone ya kwanza ni ya chini, ya wale wazee walikufa. Anarusha hivi." Akakunja kifundo cha mkono na kukikunjua haraka, kama anayekung'uta maji vidoleni. "Hata Ireri hufanya hivyo na chai. Mimi humwambia sisi tumeokoka, wacha hiyo mambo. Anasema ni mkono tu, si dini."

Niliacha kula. Kiwandani nilikuwa nimemwona akifanya vilevile kwa bunduki ya rangi kabla ya kila karai, nami nilihesabu kuwa ni tabia ya uzee.

Jumanne alfajiri Mama Nyaga alikuwa tayari, amevaa sweta, ameshika chupa ya chai na kikapu. Tulirudi Embu, tukashika barabara ya Meru. Ukipita Runyenjes, barabara hiyo ni kushuka mtoni na kupanda, kushuka na kupanda, na kila mto una ukungu wake. Kwenye daraja la Thuci alifumba macho akasali, na kwenye daraja la Nithi akasali tena, safari hii kwa sauti. Kati ya sala hizo mbili aliniuliza swali moja tu.

"Hii barua inasema atarudi kazi lini?"

"Kabla ya mwisho wa mwezi."

Alitazama majani ya chai yaliyokuwa yakipita dirishani. Alihesabu siku kwa vidole, kisha akaiweka mikono juu ya kikapu.

Saa tano tulifika. Mzee Ireri alikuwa ameegemezwa mito mitatu kwenye kitanda cha dirishani. Mabega yaliyokuwa yakijaza mlango wa chumba cha rangi yalikuwa yamebaki mifupa. Ni mikono tu iliyokuwa ileile, mipana, na buluu iliyogoma kutoka pembeni mwa kucha.

"Injinia," alisema. "Umekuja kunifundisha tena?"

"Nimekuja unifundishe wewe, mzee."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomfanya ashike chuma cha kitanda. Kilipotulia, alinitazama bila mzaha.

"Kwa ile karatasi, wewe uliandika nini? Mimi sikuonyeshwa."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na barua nzuri mfukoni yenye mhuri. Lakini Mama Nyaga alikuwa ameacha kufungua chupa ya chai, akinisubiri naye.

"Niliandika hufundishiki."

Alilinyoosha blanketi magotini, polepole, kama mtu anayetandika meza. "Hata ng'ombe ya kulima hufundishika," akasema. "Unajua mimi nilifundishwa hii kazi na nani? Mhindi mmoja, mzee. Yeye hajui Kimbeere, mimi sijui Kihindi, hata Kiswahili nilikuwa nayo kidogo tu. Hakuniambia kitu. Alinishika mkono hivi, tukapaka pamoja siku mbili. Ya tatu akaniachilia."

Nikasikia aibu ikinipanda hadi masikioni. Mimi nilikuwa nimetumia Jumapili zangu kugundua jambo ambalo mzee huyu alishikwa mkono akafundishwa ujanani, na siku zile tatu nilizokaa naye sikumuuliza.

"Hicho ndicho nilichotengeneza," nikamwambia. "Mkono wa kushikwa. Mashine itafuata wako."

"Haina vifungo?"

"Kimoja, na hicho ni changu."

"Afadhali. Ile ingine ilikuwa na vifungo mingi kama shati ya askari."

Saa nane mchana Sista wa zamu alituruhusu nusu saa, na si dakika zaidi, katika uwanja wa kuanikia mashuka. Nililitundika karai kwenye mlingoti wa kamba, kwa kimo kilekile cha kiwandani. Mzee aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, lakini alikataa kufanya kazi ameketi. Mama Nyaga akasimama nyuma yake na kumshika kiunoni. Nikabonyeza kile chekundu.

Alirusha tone lake la chini kwanza, hewa tupu. Kisha akaanza ukingo wa juu, akasimama katikati.

"Haina sauti," alisema.

Sikumwelewa.

"Bunduki hulia ssss. Mimi husikia nikajua nimefika wapi. Bila sauti mimi ni kipofu."

Katika mistari yangu yote ya namba hapakuwa na sauti popote. Nilirudisha kanda nyuma. Safari ya pili aliitoa sauti hiyo mwenyewe, kwa pumzi yake: "ssss", mkono ukateleza kwenye ukingo kwa uzuri ambao sikuwa nimeuona tangu aondoke kiwandani. Kwenye pembe ya pili pumzi ikamwishia. Alikohoa mpaka Sista akatokea mlangoni na kutazama saa yake.

"Tuache, mzee," nikasema. "Imetosha."

"Haijatosha. Hiyo itafundisha mashini kukohoa."

Hapo Mama Nyaga, aliyekuwa bado amemshika kiunoni, aliweka kidevu karibu na bega la mumewe na kuanza yeye. "Ssss." Pumzi ndefu ya mtu aliyepanda milima na maji mgongoni maisha yake yote. Mzee aligeuza kichwa kidogo akamtazama. Kisha akauinua ule mkono mwepesi.

Safari ya tatu alirusha tone, akapaka ukingo wa juu kwa pumzi moja ya mkewe, tumbo la karai kwa pumzi nne, pembe zote kwa kukunja kifundo kidogo tu, kama unavyofuta shavu la mtoto. Alipomaliza, mkono ulibaki hewani ukitetemeka. Nilikuwa nimesahau kubonyeza tena kitufe ili kanda isimame. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaambieni.

Kabla hatujaagana nilimpa barua. Aliisoma yote, akainusa karatasi, akampa mkewe aitie ndani ya Biblia.

"Na ile ingine utabadilisha?" akaniuliza.

"Nitaibadilisha."

"Andika ukweli tu. Andika huyu mzee alifundisha mashini."

Jumatano nilirudi Nairobi peke yangu, kanda ikiwa mfukoni mwa shati. Mama Nyaga alibaki Nkubu. Sikumbuki mengi ya njia ile. Nakumbuka mikono kwenye usukani, na kujishangaa kwamba nilikuwa nikitoa ile sauti kila kwenye kona.

Alhamisi asubuhi niliitia kanda kwenye mashine. Nilikuwa bado na ujuaji wangu: kabla ya kuanza nilikata sekunde mbili za kurusha tone, nikaona ni rangi inayopotea bure. Bwana Mkono akapaka vizuri, lakini mwanzoni mwa ukingo bunduki ikatema donge na rangi ikalia mchirizi mmoja. Karai la pili vilevile, na la tatu. Kumbe rangi ikisimama mdomoni mwa bunduki huganda, na tone la kwanza ndilo linalosafisha njia. Nikalirudisha tone la mzee mahali pake. Kuanzia hapo hakuna karai lililolia. Meneja alikuja kutazama, akapitisha kidole kwenye pembe, akaondoka bila neno, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Jambo moja tu aliagiza baadaye: ule mtetemo wa mwishoni, sekunde sita za mkono kukaa hewani, uondolewe kwa kuwa unachelewesha kazi. Niliuondoa. Lakini nilifanya hivyo kwenye kanda nyingine, ile ya kwanza nikaifungia kwenye kabati langu.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya wafanyakazi kuomba ile fomu. Karani aliniambia faili la mtu aliyeondoka hufungwa, na lililofungwa halifunguliwi kwa sababu fundi ameota. Nilirudi Jumatatu, nikarudi na Jumatatu iliyofuata. Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa mapema.

Wiki tatu baada ya safari nilipata barua ya binti yao kutoka Nkubu. Mzee alikuwa amezikwa Siakago siku tisa kabla bahasha haijanifikia, hata udongo wa kaburi sikuutupa. Kufikia siku hiyo wenzake wawili walikuwa wamerudi kazini na kumfundisha Bwana Mkono kupaka miguu na mishikio, kila mmoja kwa mkono wake, bila kugusa kile kisanduku. Wawili wengine hatukuwapata. Barua ya Mzee Ireri ilikuwa ingali na siku nne za kuripoti.

Mwezi uliofuata, saa ya chakula cha mchana, bawabu alikuja kuniita getini. Alikuwa Mama Nyaga, sweta lilelile, Biblia kifuani. Alikuwa amesafiri kutoka Siakago tangu alfajiri. Alitoa ile barua ndani ya Biblia akanirudishia.

"Hii ni ya kampuni," alisema. "Sisi hatuna haja nayo tena."

Nilisema pole, nikaisema tena.

"Asante. Sasa nionyeshe mkono yake."

Karakana ilikuwa tupu. Nilitundika karai, nikatoa kanda ya kwanza kabatini. Nilifunga bomba la rangi na hewa ili lisimchafue, kwa hiyo mashine ilipaka kimya. Mama Nyaga alisimama kando ya uzio wa chuma, mkoba umeangikwa kwenye kiwiko. Bwana Mkono akainuka na kurusha tone la chini.

Aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akauondoa, na nikamsikia akianza: "Ssss." Mkono ule wa chuma, mzito kuliko ng'ombe, ukafuata pumzi yake kama ulivyofuata Nkubu, ukingo kwa pumzi moja, tumbo kwa nne, pembe zote. Hakukosea hata mahali pamoja. Mwishoni mkono ulibaki hewani ukitetemeka, zile sekunde sita.

"Pole, Baba Nyaga," aliuambia. "Wacha sasa. Imetosha."

Mkono ukashuka, nikaizima mashine. Alijipangusa uso kwa ncha ya leso, akanigeukia.

"Na ile karatasi? Ulibadilisha?"

Nilimweleza habari ya karani na faili lililofungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sikuona hasira usoni mwake, jambo lililonichoma zaidi.

"Basi andika yako," alisema. "Wewe si unajua kuandika?"

Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamngojea apate gari la Embu. Jioni ile nilianza kuandika haya ninayowatumia. Nilichojifunza kwenye safari hii ni kidogo: siku zile tatu nilikuwa namtaka mtu aseme lugha ya chuma, wakati ilikuwa kazi yangu kukifanya chuma kimsikilize mtu. Nimejifunza wakati mwenyewe hayupo tena wa kuambiwa. Barua hii msiitupe, tafadhali, ikunjeni muiweke mahali pakavu, maana ndiyo karatasi niliyoahidi. Ireri wa Siakago, mpaka rangi, alifundisha mashine.